Simu, ombi, maandamano au tikiti ya chama: ipi humgeuza mbunge kwenye sheria za uhamiaji?

Ulinganisho huu ni wa mtu wa Mombasa mwenye jambo la uraia, la vipande (vitambulisho vya taifa) au la wakimbizi analotaka libadilike kisheria, na ambaye hana siku nyingi wala pesa nyingi za kulipigania. Njia anazotajiwa ni zile zile: mpigie mbunge simu, peleka ombi Bungeni, ingia barabarani, nenda kwenye kikao cha maoni ya umma, msubiri kwenye mchujo wa chama, mshtaki. Barazani zote hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba uzito wake ni mmoja. Si mmoja, na anayechagua vibaya humaliza nauli na nguvu zake kabla mswada haujasomwa hata mara ya pili.

Mifano mingi nimeitoa Marekani. Si kwamba wao ni walimu wetu. Ni kwamba kule kura za wabunge kuhusu uhamiaji huandikwa kwa majina na zimeandikwa miaka mingi, kwa hivyo unaweza kufuatilia nani aligeuka, lini, na kabla ya kugeuka aliandamwa na nini. Kwetu kura nyingi hupita kwa sauti, na hilo nitalirudia kwa sababu ndilo linaloharibu mambo mengi.

Barabara iliyojaa na simu isiyonyamaza

Desemba 2005 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha, kwa kura 239 dhidi ya 182, mswada mkali ambao ungemfanya mhalifu kila aishiye nchini humo bila karatasi. Miezi michache baadaye watu walimwagika barabarani: Chicago tarehe 10 Machi 2006, Los Angeles tarehe 25, kisha miji mingi kwa pamoja Mei mosi. Mamia ya maelfu, mabango na bendera, wafanyakazi wa mahoteli na mashamba waliofunga kazi siku nzima. Tarehe 25 Mei Seneti ikapitisha mswada wake, wa upole zaidi, 62 dhidi ya 36. Ungedhani barabara imeshinda. Lakini mabaraza mawili hayakupatana, na kilichotiwa saini Oktoba mwaka ule ni sheria ya kujenga ua mpakani.

Mwaka uliofuata jambo likarudi Seneti, safari hii Rais George W. Bush mwenyewe akiliunga mkono, na maseneta wa vyama vyote viwili wakiwa wamekaa kulisuka. Waliolipinga hawakuandamana. Walisikiliza vipindi vya redio, wakachukua simu. Asubuhi ya tarehe 28 Juni 2007 simu zilimiminika hadi mtambo wa simu wa Seneti ukazidiwa. Kura 60 zilihitajika ili mjadala ufungwe na mswada usonge mbele. Zikapatikana 46, dhidi ya 53. Mswada ukafa hapo.

Sasa ziweke miaka hiyo miwili kando kwa kando. Kura za maoni za kipindi kile zilionyesha Wamarekani walio wengi wakikubali kwamba wahamiaji wasio na karatasi wapewe njia ya kufikia uraia, kwa masharti. Kwa hivyo waliopiga simu hawakuwa wengi kuliko wenzao. Tofauti ni kwamba waliokubali walikubali wakiwa wamekaa, na waliokataa walijulikana kwa seneta kuwa wapiga kura, wa jimbo lake, wenye hasira, na wenye kukumbuka. Walioandamana mwaka uliotangulia walikuwa na wimbo wao, kwamba leo tunaandamana na kesho tutapiga kura. Seneta aliusikia vizuri sana. Alichosikia ni kwamba wengi wao leo hii kura hawana.

Hili ndilo la kwanza la kulipima mtu wa Mombasa. Katika mambo ya uraia na uhamiaji, mwenye shida hana kura, na mwenye kura hana shida. Mzee wa asili ya Burundi aliyezaliwa huku na kulea wajukuu huku bila kipande hawezi kumtisha mbunge yeyote, hata apige simu kutwa. Jirani yake mwenye kadi ya kura anaweza. Kama jambo lako ni la aina hiyo, kazi ya kwanza si kukusanya walioathirika. Ni kukusanya majirani zao waliojiandikisha kupiga kura, imamu na mchungaji wakiwemo, pamoja na mwenye duka anayewauzia na mwalimu anayewasomeshea watoto.

Kura ya maoni, ambayo wengi huiamini kupita kiasi

Nitaipitia haraka kwa sababu sina imani nayo kama silaha. Gallup, ambao wamewauliza Wamarekani swali hili kwa miongo kadhaa, walikuta katikati ya 2024 kwamba asilimia 55 wanataka uhamiaji upunguzwe. Mwaka mmoja baadaye, katikati ya 2025, ilikuwa asilimia 30. Maoni ya umma hujaa na kupwa kama maji ya Tudor. Sheria haipwi nayo. Januari 2025, maji yakiwa yamejaa, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaweka kizuizini wageni wasio na karatasi wanaoshtakiwa hata kwa wizi mdogo, Seneti kwa kura 64 dhidi ya 35, maseneta 12 wa chama cha Democratic wakipiga kura pamoja na wapinzani wao wa Republican. Hao 12 walikuwa wametoka kuushuhudia uchaguzi wa Novemba na walikuwa wameona walichoona. Maoni yaligeuka baada ya miezi michache. Sheria iko pale pale.

Kwa hivyo ukipata takwimu nzuri, itumie kama kiungo kwenye barua yako. Usiitegemee.

SMS kwa mheshimiwa, au ombi lenye sahihi?

Hapa ndipo watu wetu hukwama, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Juni 2024 Kenya ilifanya jaribio kubwa la njia ya kwanza. Nambari za simu za wabunge zilisambazwa, na wakapigiwa na kuandikiwa usiku na mchana wasipitishe Mswada wa Fedha. Hapa Mombasa pia vijana walitoka barabarani. Tarehe 25 Juni wabunge 195 wakaupitisha, 106 wakaupinga. Siku iliyofuata, baada ya watu kuuawa, Rais William Ruto akakataa kuutia saini.

Mtu anaweza kusema simu hazikufanya kazi, na kwa kuhesabu kura tu ana haki. Mimi naisoma hivi: mbunge alikuwa kati ya hofu mbili, ya mwananchi na ya kiongozi wa chama, na 195 kati yao waliona ya pili iko karibu zaidi. Simu ina nguvu pale ambapo kiongozi wa chama hajaweka mguu chini. Mswada wa fedha ni roho ya serikali, kiranja, yule anayewasimamia wabunge wa chama wapige kura pamoja, hawezi kuulegeza. Marekebisho ya kifungu kimoja cha sheria ya uraia, yanayohusu watu elfu chache wa pwani, mara nyingi hayana kiranja anayeyalinda kwa jino na ukucha. Hapo simu hamsini zenye majina huweza kufanya kile ambacho simu laki moja hazikufanya 2024.

Lakini ziwe simu za namna gani? Tazama ujumbe huu, wa aina inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp na kutumwa na kila mtu kama ulivyo: "Mheshimiwa tunakuomba upinge mswada wa kuwakandamiza wananchi, tunakutazama 2027." Akipokea wa tatu, anafuta yote. Sasa tazama huu: "Asalaam aleikum mheshimiwa. Mimi ni mpiga kura wako, nimejiandikisha shule ya msingi ya mtaani kwetu Bangladesh, Jomvu. Naomba kujua kama utaunga mkono au utapinga kuongezwa muda wa kuwaandikisha wasio na uraia. Nitawasomea jibu lako wanachama wenzangu wa chama cha akiba Jumapili." Huu una mtaa, una kituo cha kura, una swali la ndiyo au la, na una watu wengine nyuma yake. Msaidizi wake atamwonyesha.

Ombi ni mnyama mwingine kabisa. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, pamoja na kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Angalia kwamba hakikusema kila mpiga kura. Yule mzee asiye na kipande, ambaye kwenye simu hana uzito, hapa anasimama kwa miguu yake. Ombi huandikwa, huwekwa sahihi au alama ya kidole gumba, hupelekwa kwa Karani wa Bunge au huwasilishwa na mbunge, kisha huenda kwenye kamati. Kamati huita watu, huuliza wizara, na huandika ripoti.

Wapemba wa pwani ndio mfano wa karibu. Ni wavuvi waliovuka kutoka kisiwa cha Pemba vizazi kadhaa nyuma, wakaishi Kwale, Mombasa na Kilifi bila kutambuliwa, mvuvi asiye na kipande akikosa leseni ya kuvua kwa jina lake mwenyewe. Jambo lao lilipelekwa Bungeni kwa ombi, kamati ikalichunguza, na kufikia 2023 walikuwa wametambuliwa rasmi na kuanza kupewa vitambulisho. Ilichukua miaka. Hapakuwa na siku moja ambayo ungeweza kusema, leo ndipo mbunge fulani aligeuka. Ila karatasi ilikuwepo, na kila aliyeulizwa baadaye alilazimika kuanzia kwenye karatasi ile.

Basi kwa haraka, simu. Kwa kudumu, ombi. Na mwenye akili hutumia simu kulisukuma ombi lake, maana ombi lisilo na mtu wa kuliulizia hulala kwenye kamati mpaka Bunge livunjwe.

Maandamano, na swali la nani hasa unayemwendea

Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde walitoka Kwale wakielekea Nairobi kwa miguu, mpaka Ikulu. Wazee wao walikuja kutoka Msumbiji, wengi wakiletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na kizazi cha tatu kilikuwa bado hakina kipande. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaamuru wapewe vitambulisho, na 2017 wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Kwa nini mguu wa Wamakonde ulizaa na ule wa Los Angeles ukakwama? Si wingi, maana Los Angeles walikuwa wengi mara mia nyingi. Wamakonde hawakuhitaji sheria mpya. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 tayari ilikuwa na mlango kwa asiye na uraia wa nchi yoyote ambaye ameishi Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963, na kwa wazao wake. Mlango ulikuwepo, hakuna aliyeufungua. Walimwendea mtu mmoja mwenye ufunguo. Wa Los Angeles walihitaji wawakilishi 218 na maseneta 60.

Ndiyo maana naona maandamano ni njia nzuri kwa Rais na waziri, na dhaifu kwa Bunge. Washona, watu wenye asili ya Zimbabwe, nao walitambuliwa kwa tamko la Rais, Desemba 2020. Agizo la kuondoa uhakiki wa ziada wa wanaoomba vipande kwa watu wa kaunti za mpakani, Februari 2025, lilitolewa na Rais akiwa Wajir. Hakuna kati ya hayo lililosubiri kura ya mbunge. Kasoro yake unaijua: kilichotolewa kwa tamko huweza kurudishwa kwa tamko, na mlango wa sheria ya 2011 wenyewe uliwekewa muda, miaka mitano, ukaongezwa mitatu, ukafika 2019.

Kwa hivyo kabla hujachapisha fulana za maandamano, soma sheria. Kama haki yako imo na afisa ndiye anayekuzuia, nenda kwa mkubwa wake, kwa miguu au kwa kelele. Kama haimo, barabara pekee haitaiandika.

Vikao vya maoni ya umma

Kifungu cha 118 kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi. Kikao huwekwa ukumbini, mara nyingi kwa taarifa fupi gazetini, na watu hupewa dakika chache za kusema. Ukienda kusema kwa mdomo tu, utaandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria na kunywa soda. Ukienda na waraka unaotaja kifungu, maneno yaliyopo na maneno unayotaka yawekwe badala yake, kamati inakuwa na kitu cha kuingiza kwenye ripoti. Kama huna waraka, weka nauli yako.

Mchujo: hofu inayolala na mbunge

Juni 2013 Seneti ya Marekani ilipitisha mswada mkubwa wa uhamiaji, 68 dhidi ya 32. Kura za maoni zilikuwa nzuri, wafanyabiashara walikubali, makanisa yalikubali. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kabisa. Wengi wa wabunge wa Republican walitoka majimbo ambayo chama chao hakishindwi. Waliyemwogopa si mpinzani wa Novemba bali mwenzao wa chama kwenye mchujo.

Kisha tarehe 10 Juni 2014 ikaja ile ya Eric Cantor. Alikuwa kiongozi wa walio wengi barazani, mtu aliyetajwa kuwa spika ajaye. Akashindwa kwenye mchujo wa Virginia na mhadhiri wa uchumi, Dave Brat, aliyemwandama kwa kusema amelegea kwenye uhamiaji. Waliopiga kura walikuwa kama 65,000, katika jimbo la watu zaidi ya laki saba. Baada ya usiku ule hakuna aliyeuliza tena kura za maoni zinasemaje; mswada ulizikwa.

Kuna jambo ambalo husahaulika, nami nalipenda. Siku ile ile, South Carolina, seneta Lindsey Graham, aliyekuwa miongoni mwa walioutunga mswada wenyewe, alishinda mchujo wake bila kulazimika kwenda duru ya pili. Kwa hivyo ushahidi wa siku hiyo ulikuwa wa pande mbili. Wabunge walichagua kuukumbuka mmoja. Hofu ya mbunge haifuati hesabu, inafuata hadithi ya mwenzake aliyeanguka.

Mombasa je? Mwaka 2022, kati ya majimbo yetu sita, Changamwe, Jomvu, Kisauni, Likoni na Mvita yalikwenda kwa chama cha ODM, na Nyali ikaenda kwa chama cha UDA. Mahali ambapo chama kina ngome, mazungumzo ya kweli hufanyika wakati wa tikiti, na tikiti zenyewe mara nyingine hutolewa mezani bila kura yoyote. Hapo maoni ya umma kwa jumla hayana maana kubwa. Yenye maana ni ya wajumbe wa wadi, wa akina mama wa chama, wa wazee wanaoitwa kwenye kikao cha kupatanisha wagombea. Ukiwa na watano kati ya hao wanaouliza swali lako la uraia kila mgombea anapokuja, umepata zaidi ya uwanja mzima wa Tononoka.

Ubaya wa njia hii ni kalenda. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Katikati ya mihula haifai kitu, na ile haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda imebaki kwenye karatasi tangu Mahakama Kuu ilipofuta vifungu vyake vya utekelezaji mwaka 2017.

Na kama maoni ya umma yako kinyume chako?

Hili watetezi hawapendi kuliuliza. Novemba na mwanzo wa Desemba 2014 watu 64 waliuawa Mandera, 28 kwenye basi na 36 kwenye machimbo ya mawe. Nchi ilikuwa na hofu na ghadhabu, na wakimbizi ndio walionyooshewa kidole. Tarehe 18 Desemba, katikati ya makelele na karatasi kuchanwa, Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za usalama, na ndani yake kifungu cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini, wakati waliokuwepo walizidi nusu milioni. Siku hiyo maoni ya umma yaliwafikia wabunge barabara, na yalidai ukali. Februari 2015 Mahakama Kuu ilikitupa nje kifungu hicho pamoja na vingine saba.

Ikiwa upepo unavuma dhidi yako, usimwage pesa kwenye simu na mikutano. Utawaamsha wanaokupinga, ambao ni wengi na wana kura. Tafuta wakili wa haki za binadamu. Mahakama haihesabu SMS.

Sasa chagua

Mswada upo Bungeni na chama hakijashika msimamo: simu na ujumbe wa majina, kutoka jimbo la mbunge huyo tu. Mtu wa Nyali kumwandikia mbunge wa Likoni ni kupoteza salio. Na fanya hivyo mswada ukiwa kwenye kamati, kabla haujarudi ukumbini, maana kamati huwa na wabunge wachache na kila mmoja anaonekana.

Hakuna mswada, jambo lako ni kundi lililosahaulika: ombi, na majirani wenye kura walisukume. Haki imo kwenye sheria lakini afisi inakuzungusha: kwa waziri au Rais, hata kwa miguu. Mwaka kabla ya uchaguzi: wajumbe wa chama.

Yote haya yana tundu moja. Spika husema walio na maoni haya waseme Ndiyo, ukumbi unanguruma. Walio na maoni tofauti waseme La, ukumbi unanguruma tena. Kisha anatamka Ndiyo wameshinda, na mheshimiwa wako anaweza kuja Jumamosi kwenye harambee kukuambia alisema La kwa sauti kubwa kuliko wote. Kwa hivyo ndani ya ujumbe wako ongeza ombi la pili, ambalo kwa maoni yangu ni muhimu kuliko la kwanza: kwamba siku ya kura asimame na wenzake kudai majina yahesabiwe. Akikataa hilo, umeshajua atakavyopiga kura.